Mvinyo Mkavu?

Waonjaji wa mvinyo wa Australia husimuliana habari za Shiraz ya Barossa kwa kutaja matunda ya vichaka vya Ulaya, pilipili manga na ngozi. Lugha hiyo ikifika Babati, mji wa Manyara ulio kwenye barabara kuu itokayo Dodoma, yanakostawi mashamba ya zabibu, mfasiri hukutana na mtihani. Wengi huandika "mvinyo mkavu". Hapo tafsiri imeteleza: kimiminika hakikauki kingali bilaurini. Kilichokosekana ni sukari. Basi na isemwe "usio na utamu".

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Ule mkazo wa ulimi na fizi, utokao katika maganda na mbegu za zabibu nyekundu, hutafutiwa jina la kigeni, ilhali Kiswahili kina ukakasi. Neno hilo hulijua kila aliyeuma ndizi mbichi au bibo, hata asiyegusa kileo maishani mwake. Nao ukakasi si uchungu wa shubiri wala ugwadu wa ukwaju, ingawa waonjaji wavivu huvichanganya vyote vitatu na kuviita "ukali".

Anayesifu kinywaji kwa tunda ambalo msomaji wake hajapata kuliona hajamwonjesha kitu. Lugha haikupungukiwa, waliopungukiwa ni wanaoiacha ghalani wakaenda kukopa.