Pongezi kwa Mama Mkwe wa Runingani

Jioni kijijini Kiegei, shughuli za korosho na ufuta zikiisha na tamthilia ikianza, utasikia: "Huyu mama ana roho mbaya!" Anayesemwa ni mwigizaji. Ukatili ndiyo kazi aliyopewa, na ameifanya barabara.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Baadaye vikundi vya maigizo kama Kaole vikaonekana kwenye kituo cha ITV, na waigizaji wake mara nyingi walipewa kisa tu. Maneno waliyatunga wenyewe mbele ya kamera. Hilo peke yake lilistahili heshima kubwa kuliko waliyopata.

Kwa kamera moja, ugomvi wa dakika mbili hurudiwa: mara watu wote kwa mbali, mara uso wa mwigizaji wetu, mara uso wa mwenzake. Kila mara machozi yatoke. Pikipiki ikipita, sauti imeharibika, waanze upya. Msiba unaweza kurekodiwa Jumatatu na harusi ya marehemu Alhamisi, kwa hiyo akumbuke kanga aliifungaje, hereni zipi alivaa, alikuwa amelia kiasi gani. Nguo zenyewe huenda zimetoka kabatini kwake.

Kipindi kikishaonyeshwa, kesho yake sokoni anazomewa kwa dhambi za mhusika, naye hana budi kununua nyanya zake na kuwahi kazini. Lakini akimfukuza mjane kwenye nyumba ya marehemu, na watazamaji wakamchukia kwelikweli, kesho yake habari za mirathi zinaweza kuzungumzwa waziwazi barazani, wajane wenyewe wakiwepo.