Aya Iliyofutwa: Uhakiki wa Tangazo la Uhuru la Marekani

Sisi wahakiki chipukizi tumezoea riwaya, tamthiliya na diwani. Mtu akileta tangazo la kisiasa mezani anaambiwa alipeleke kwenye somo la historia. Mimi nasema hapana. Tangazo la Uhuru la Marekani la mwaka 1776 ni andiko kama maandiko mengine. Lina mwandishi, lina wahusika, lina mandhari, lina rasimu iliyochafuka kwa wino, na lina wahariri waliolikata mpaka mwenye kalamu akanuna. Basi linahakikika.

Kuna sababu nyingine. Kila andiko hili linapotajwa katika mazungumzo yetu, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hulisoma kama msahafu, herufi haiguswi. Kundi la pili husema: aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa alikuwa anamiliki watumwa, kwa hiyo ni unafiki mtupu, tupa kule. Naona makundi yote mawili yanamsoma mwandishi, hayalisomi andiko. Tukisoma kilichobaki pamoja na kilichofutwa tutagundua kwamba lile neno "watu" lilikuwa na ugomvi ndani yake tangu siku ya kwanza. Na walioumaliza ugomvi huo hawakuwa waandishi. Walikuwa wasomaji.

Mandhari na wahusika

Mandhari nitayapitia haraka. Makoloni 13 ya Uingereza katika pwani ya Amerika yalikuwa yanagombana na mtawala wake juu ya kodi na madaraka, na Aprili 1775 risasi zikalia Lexington na Concord. Januari 1776 Thomas Paine, Mwingereza aliyehamia huko miezi michache tu kabla ya vita, alichapisha kijitabu chake Common Sense. Alimshambulia mfalme waziwazi, kwa lugha ambayo fundi na mkulima wangeielewa. Tarehe 7 Juni Richard Henry Lee wa Virginia alitoa hoja katika Kongresi ya makoloni, mjini Philadelphia, kwamba makoloni yawe nchi huru. Ikaundwa kamati ya watu 5: Thomas Jefferson, John Adams, Benjamin Franklin, Roger Sherman na Robert Livingston. Kalamu akapewa Jefferson, umri wake miaka 33. Tarehe 2 Julai Kongresi ikapiga kura ya uhuru, kisha ikakaa kuchambua maneno, na tarehe 4 Julai ikalipitisha andiko lenyewe. Ndiyo maana sikukuu yao iko tarehe 4: wanasherehekea siku ya andiko, siyo siku ya kura.

Mhusika mkuu ni mfalme George III, na amechorwa kama adui wa hadithi. Hapa Jefferson alijua kazi yake. Kodi zile zilitungwa na bunge la Uingereza, lakini bunge ni watu wengi, huwezi kulichukia vizuri. Kwa hiyo bunge likasukumwa pembeni, akabaki mtu mmoja mwenye sura. Malalamiko yamepangwa kwa takriri: karibu kila sentensi inaanza na "yeye". Ukiyatafsiri kwa Kiswahili utajikuta kila mstari unaanza na "ame": amekataa, amevunja, amezuia, ameleta. Inagonga kama ngoma. Ukifika mwisho umeshamhukumu mfalme bila kumsikiliza.

Lakini yupo mhusika mwingine ambaye andiko halimtaji. Jefferson alikuwa amepanga vyumba viwili katika nyumba ya mwashi mmoja aitwaye Jacob Graff. Aliyemhudumia huko Philadelphia alikuwa kijana wa miaka 14, Robert Hemmings. Huyu alikuwa mtumwa wake. Tena baba yake ndiye aliyekuwa baba wa mke wa Jefferson. Yaani kwa damu walikuwa mashemeji, kwa sheria mmoja alikuwa mali ya mwingine. Ndugu msomaji, hebu pata picha. Bwana ameinama anaandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, na shemeji yake ndiye anayetunza nguo zake. Robert aliachiwa huru mwaka 1794, miaka 18 baadaye. Mwandishi wa riwaya angeanzia hapo.

Kilichofutwa

Rasimu ya Jefferson bado ipo, imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Ukiisoma, unamwona mtu akihangaika na maneno. Mahali pamoja alikuwa ameandika neno lenye maana ya watu walio chini ya mfalme, akalifuta wino ukiwa bado mbichi, akaandika juu yake neno lingine. Mwaka 2010 wataalamu wa maktaba hiyo walilipiga picha kwa mitambo yao wakalisoma lile la chini. Kwa Kiswahili tungesema alifuta "raia wa mfalme" akaandika "wananchi". Mapinduzi mazima yamo katika kufuta neno moja.

Ufutaji mkubwa, hata hivyo, ulifanywa na Kongresi. Karibu robo ya andiko ilikwenda na maji. Jefferson alikaa pale akinyamaza, roho inamuuma. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Franklin, aliyekuwa mchapaji wa magazeti kwa miaka mingi, alimpoza kwa kisa cha mtengeneza kofia. Bwana huyo alitaka kufungua duka, akatunga maneno ya kibao: jina lake, kazi yake, kwamba anatengeneza na kuuza kofia kwa fedha taslimu, na chini yake picha ya kofia. Akawaonyesha rafiki zake. Huyu akasema "mtengeneza kofia" ondoa, umeshasema unatengeneza kofia. Yule akasema nani anajali ametengeneza nani? Ondoa. Mwingine: fedha taslimu ya nini, hapa hakuna anayekopesha. Wa mwisho: "anauza"? Kwani nani alitegemea utazigawa bure? Mwishowe kibao kikabaki na jina na picha ya kofia.

Kisa kitamu, na kila mwandishi kijana akiweke ukutani. Lakini kama uhakiki wa yaliyotokea Philadelphia, kinapotosha. Rafiki za mtengeneza kofia walikata maneno yasiyo na kazi. Kongresi ilikata pia maneno yenye kazi nyingi mno.

Aya ninayoizungumzia ilikuwa ndiyo lalamiko refu na kali kuliko yote. Ndani yake Jefferson alimshtaki mfalme kwamba amepigana vita na ubinadamu wenyewe, kwa kuwakamata watu wa mbali ambao hawakumkosea, kuwavusha bahari, na kuwauza utumwani. Na alipofika kwenye soko la watumwa aliandika neno "watu" kwa herufi kubwa.

Baadaye Jefferson alieleza kwamba aya hiyo iliondolewa ili kuwaridhisha South Carolina na Georgia, ambao hawakutaka biashara hiyo izuiwe. Akaongeza kwamba hata ndugu zao wa kaskazini waliona haya kidogo, maana watumwa hawakuwa nao wengi, lakini walikuwa wasafirishaji wazuri tu. Wa kusini mnunuzi, wa kaskazini mwenye jahazi. Nani angepiga kura ya kujishtaki?

Tusimpambe Jefferson vilevile. Aya yenyewe ina ulaghai. Inamtwisha mfalme dhambi yote kana kwamba wakoloni walilazimishwa kununua. Jefferson katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600, na alioacha huru wanahesabika kwa vidole. Isitoshe, mwisho wa aya unageuka. Novemba 1775 gavana wa mfalme katika Virginia, Lord Dunmore, alikuwa ametangaza uhuru kwa watumwa wa waasi watakaokwenda kupigana upande wa Uingereza. Jefferson analalamikia hilo pia. Yaani kosa la kwanza la mfalme ni kuwafanya watu hawa watumwa, na kosa la pili ni kuwaahidi uhuru! Aya inaanza kwa huruma inaishia kwa hofu.

Neno "watu"

Sasa tufike kwenye kiini. Kama aya ile ingebaki, neno "watu" lingetumika mara mbili kwa uzito mmoja: juu, pale inaposemwa kwamba watu wote wameumbwa sawa, na chini, pale watu wanapouzwa sokoni. Msomaji asingekuwa na pa kukimbilia. Andiko lenyewe lingetoa ushahidi kwamba anayeuzwa ni mtu, na mtu ameumbwa sawa na wengine. Nadhani wajumbe wenye mashamba waliuona mtego huo kuliko mwandishi mwenyewe. Walipoifuta aya ya chini walilikata neno la juu mizizi, likabaki linaelea. Kuanzia hapo kila mwenye nguvu angeweza kusema "watu" ni sisi.

Kovu lakini halikufutika. Katika lalamiko la mwisho bado kuna maneno machache yanayomshtaki mfalme kwa kuchochea maasi ya ndani miongoni "mwetu". Maasi ya nani? Ya watumwa. Wametolewa kama watu, wakabakizwa kama hatari. Na hapohapo wenyeji wa asili wa Amerika wanatajwa kama washenzi wasio na huruma. Sentensi moja imewatoa nje ya neno "watu" jamii mbili nzima. Wanawake nao hawamo. Machi 1776 Abigail Adams alikuwa amemwandikia mumewe John, mmoja wa ile kamati ya watu 5, kwamba katika sheria mpya wawakumbuke wanawake. Mzee alijibu kwa mzaha.

Miaka 11 baadaye wakubwa walirudi Philadelphia kuandika Katiba ya mwaka 1787. Hawa walikuwa mafundi wa kukwepa. Watumwa wamo katika Katiba ile mahali pasipopungua patatu: katika hesabu ya wawakilishi, ambapo kila watumwa 5 wanahesabiwa kama watu 3, katika kifungu kinachozuia biashara ya kuwaingiza isipigwe marufuku kabla ya mwaka 1808, na katika kifungu cha kuwarudisha waliotoroka. Lakini neno "mtumwa" hulioni. Wameitwa watu wengine, watu wa namna hiyo, watu wenye wajibu wa kazi. James Madison alisema katika kikao kile kwamba si sawa Katiba ikubali wazo la mtu kuwa mali ya mtu. Kwa hiyo jambo likaachwa, neno likafichwa. Neno "utumwa" liliingia katika Katiba ya Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1865, katika badiliko la 13, na liliingia ili utumwa upigwe marufuku.

Wasomaji wasioalikwa

Kundi la pili linaweza kusema: si unaona sasa, tupa kule. Subirini kwanza, wandugu. Neno lililokatwa mizizi lilikuwa halina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hata maskini anaweza kukiokota.

Januari 1777, miezi 6 tu baada ya Tangazo, Prince Hall na wenzake weusi wa Massachusetts walipeleka ombi kwa watunga sheria wakidai uhuru kwa lugha ileile ya haki za asili zisizoondoleka. Katika jimbo hilohilo mtumwa mmoja aliyeitwa Bett, ambaye hakujua kusoma, alisikia maneno ya katiba ya jimbo ya mwaka 1780 kwamba watu wote wamezaliwa huru na sawa. Akaenda kwa mwanasheria. Mwaka 1781 akashinda kesi, akajiita Elizabeth Freeman. Hakujua herufi lakini alikuwa msomaji hodari kuliko wengi waliosaini.

Agosti 1791 Benjamin Banneker, mtu mweusi huru wa Maryland aliyejifunza elimu ya nyota mwenyewe, alimwandikia Jefferson, wakati huo waziri, akamrudishia maneno yake mwenyewe ya mwaka 1776. Kisha akamwuliza, kwa adabu inayochoma, iweje aendelee kuwashikilia ndugu zake utumwani. Jefferson alijibu kwa upole na kwa ufupi. Mwaka 1848 wanawake waliokutana Seneca Falls waliandika tangazo lao kwa mfano wa lile la kwanza, wakaingiza "wanawake" palipokuwa na "wanaume" peke yao. Julai 1852 Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa, alisimama Rochester akawauliza Wamarekani sikukuu yenu hii inamhusu nini mtumwa. Wala hakulitupa Tangazo. Alililazimisha liseme kweli.

Kufaulu na kutofaulu

Kifani mwandishi amefaulu: takriri, mpangilio wa kama kesi mahakamani, na sentensi zinazosomeka kwa sauti. Kimaudhui amefaulu nusu. Alipata neno kubwa kuliko moyo wake na kuliko baraza lake, na aliporuhusu lihaririwe, waliogopa neno hilo wakakata ushahidi wake. Kutofaulu huko si jambo dogo. Kati ya aya kufutwa na badiliko la 13 ipo miaka 89, na watu waliishi na kufa ndani yake wakisubiri maana ya neno.

Kwetu tunaoandika, nachukua mawili. Mhariri akikukata, uliza anakata kilichozidi au anakata kinachomwuma, maana si kitu kimoja. Na rasimu usichome. Jefferson alitunza yake, akaiweka hata katika kumbukumbu za maisha yake, ndiyo maana leo tunaweza kuwashtaki waliofuta, na yeye mwenyewe pamoja nao.

Najua wapo watakaosema nimempendelea mwenye watumwa. Waandike, tujibizane.