Pampu Haivuti Maji

"Fundi, pampu haivuti maji." Ndivyo alivyoniambia kwa simu mtunza bwawa wa nyumba moja ya wageni huko Nyali, Mombasa. Wiki mbili mfululizo alikuwa akifungua kifuniko cha chujio la pampu kila asubuhi, anajaza maji kwa ndoo, anafunga, anawasha. Siku nyingine maji yalipanda. Siku nyingine pampu ilinguruma nusu saa bila tone, na mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya pampu mpya.

Maneno yake yalikuwa ya kweli kuliko alivyodhani. Pampu ya bwawa haivuti maji hata ikiwa nzima. Impela, gurudumu linalozunguka ndani yake, huyarusha maji kutoka katikati kwenda pembeni, na pale katikati mgandamizo hupungua. Kinachoyapandisha maji ni uzito wa hewa iliyolalia bwawa. Pwani, kwenye usawa wa bahari, uzito huo unatosha kuinua maji mita 10 hivi. Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, ni kama 8.5. Pampu ya Nyali ilikuwa mita moja na nusu tu juu ya uso wa bwawa, kwa hiyo nguvu ilikuwapo tele. Tatizo ni kwamba hewa ni nyepesi kuliko maji kwa takriban mara 800, na impela ikiipata hewa badala ya maji huizungusha bure. Ndiyo sababu tunapraimu: tunaijaza pampu maji ili iwe na kitu cha kurusha.

Nilipofika nilitazama geji ya chujio la mchanga kabla ya kushika spana. Sindano ilikuwa chini na inatetemeka. Ingepanda kuliko kawaida, ningejua kizuizi kiko mbele ya pampu, pengine mchanga umeziba na unahitaji kuoshwa. Ikishuka hivi, kosa liko nyuma, upande wa kufyonza. Kina cha maji kilikuwa sawa, kikapu kisafi, impela haijaziba. Ikabaki hewa.

Hewa ya upande huu ni ngumu kuiona, maana pampu ikiwa inafanya kazi palipopasuka hapavuji nje, panafyonza ndani. Mafundi wengi hutafuta unyevunyevu na kuondoka mikono mitupu. Tulizima, tukafunga valvu ya kufyonza, tukajaza chujio la pampu hadi mdomoni, tukafunga kifuniko, tukafungua valvu na tundu la kutolea hewa juu ya chujio la mchanga, kisha tukawasha. Maji yaliposhika, nikapaka povu zito la sabuni kwenye kila kiungo. Pembeni mwa kifuniko povu likazama.

Mpira wa kifuniko ulikuwa umevimba na kulegea. Mtunza bwawa alikuwa akiupaka mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini, kwa nia njema kabisa, lakini mafuta hayo, yatokanayo na petroli, huharibu mipira ya aina nyingi. Grisi ya silikoni ndiyo inayofaa. Tukaweka mpira mpya, na nikadhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Viputo viliendelea kutoka kwenye matundu ya kurudishia maji bwawani. Nikarudi na povu, mara hii hadi kiungo cha plastiki chenye nyuzi kinachoingia mdomoni mwa pampu, nalo likamezwa palepale. Tulipokifungua, nyuzi zilikuwa zimelegea na kupinda kwa joto. Hapo ndipo nilipoumia moyo. Zile nusu saa za kunguruma bila maji zilikuwa zimechemsha maji machache yaliyobaki ndani, na joto likakikunja kiungo. Kosa la mpira lilizaa kosa la pili, na kungoja kwa subira ndiko kulikolilea. Sili ya shafti ilinusurika kwa bahati.

Kwa pampu iliyokaa karibu na bwawa namna hii, dakika mbili au tatu zikipita bila maji, izime uanze upya. Nilimwomba mtunza bwawa aliandike hilo ukutani, juu ya swichi.

Tulibadilisha kiungo, tukazungushia tepu ya nyuzi, tukapraimu mara moja. Jioni tulizima. Asubuhi yake, kabla hajawasha chochote, alichungulia kupitia kifuniko: chujio lilikuwa bado limejaa.