Diski ya Domesday: Picha kwa Leza, Habari kwa Watoto

BBC Micro, kompyuta iliyoenea katika shule za Uingereza miaka ya 1980, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32. Picha moja nzuri ingeijaza yote. Waliobuni mradi wa Domesday, yaani BBC pamoja na kampuni za Acorn, Philips na Logica, waligawa kazi: kompyuta itafute, diski ya leza ionyeshe.

Diski hiyo ya sentimita 30 ilizunguka mara 25 kwa sekunde, na kila mzunguko ulibeba fremu moja kamili. Leza ikirudia mzunguko uleule, picha ilitulia kwenye skrini. Ikirukia mwingine, ikaja picha nyingine. Upande mmoja ulibeba fremu 54,000. Ufundi ninaoustahi zaidi uko kwenye sauti. Picha zilikuwa za analogi, lakini nafasi ya sauti ilijazwa data ya dijitali, takriban megabaiti 300 kila upande, wakati diski laini za shuleni hazikufika hata megabaiti moja. Kompyuta iliisoma data hiyo na kuweka maandishi juu ya picha ya video. Mwanafunzi aliviringisha mpira wa kusogeza mshale, akachagua sehemu ya ramani, akashuka hatua kwa hatua hadi kijijini kwake.

Habari nyingi za sehemu hizo ziliandikwa na watoto wenyewe. Mradi ulikuwa wa kuadhimisha miaka 900 ya Domesday, daftari la ardhi na mali la mfalme William wa Uingereza, la 1086. Nchi ilikatwa vipande vya kilomita 4 kwa 3, shule zikagawiwa. Watoto walihesabu maduka, wakahoji wazee, wakapiga picha, wakachapa. Kila kipande kiliruhusiwa picha tatu na kurasa zisizozidi 20, kwa hiyo ilibidi darasa libishane nini kiingie na nini kiachwe. Kwangu, mafunzo yenyewe yalikuwa katika ubishi huo, kabla diski haijachapishwa.

Ilipotoka 1986, mtambo mzima uligharimu takriban pauni 5,000. Shule nyingi zilizoiandika hazikumudu kuinunua, na hilo ni dhuluma kwa watoto waliofanya kazi ile. Miaka 15 baadaye mashine za kuisoma zilikuwa adimu. Watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan wakaunda programu inayoiga kompyuta ile ya zamani, na mwaka 2011 BBC ikayaweka maandishi na picha za watoto kwenye intaneti.