Zamu ya Taa za Njano

Kampuni ya TSMC ilipoanzishwa Hsinchu, Taiwan, mwaka 1987, ilijiwekea sharti la ajabu: itatengeneza chipu za wengine tu, isiuze hata moja yenye jina lake. Wapo wanaosema ilibebwa na serikali, iliyotoa karibu nusu ya mtaji. Ni kweli, lakini fedha hazifuti vumbi, na chembe isiyoonekana kwa macho inatosha kuua chipu. Kazi ya kuizuia ni ya mafundi waliojifunika toka utosini hadi nyayoni, macho tu nje, wakimaliza zamu za saa 12. Penye kuchorwa saketi taa ni za njano, maana mwanga wa kawaida ungeharibu dawa iliyopakwa kwenye kisahani cha silikoni kinachokatwa chipu. Kisahani hicho, chenye upana wa milimita 300, hupita mamia ya hatua kwa wiki nyingi. Ikikosewa moja, kazi yote ya nyuma yaweza kupotea. Mwaka 2014 hata watafiti wa TSMC waliwekwa zamu ya usiku. Walilipwa vizuri, ndiyo, ila mshahara haurudishi usingizi. Na katika ukame wa Taiwan wa 2021, viwanda viliagiza maji kwa malori huku wakulima wakikatiwa ya umwagiliaji. Basi deni la sisi wenye simu za chipu mkononi haliishii kwa mafundi, linawafikia hata wakulima hao, ambao mashamba yao yalikaa bila mpunga.