Ungamo la Bethel la 1933 na Historia ya Wayahudi: Tathmini Kutoka Usambara

1. Madhumuni

Historia ya Wayahudi, kama inavyosimuliwa katika mimbari na madarasa yetu, ina pengo kubwa. Huanza kwa Ibrahimu, hupita Misri, Sinai na Babeli, hufika Golgotha, na hukoma mwaka 70 B.K., majeshi ya Tito yalipoteketeza Hekalu. Hapo simulizi hulala usingizi, likaja kuamka tarehe 14 Mei 1948, taifa la Israeli lilipotangazwa. Kati ya tarehe hizo mbili ilipita miaka ipatayo 1,880. Katika miaka hiyo Wayahudi waliishi, walisoma, waliomba na kulea watoto. Pia walifukuzwa na kuuawa, mara nyingi kwa mikono ya watu waliobatizwa. Sehemu tunayoiruka ndiyo ile ambayo kanisa lenyewe ni mhusika.

Makala haya yanakusudia kulichunguza pengo hilo kwa kuipima hati moja, yaani Ungamo la Bethel lililoandikwa mwezi Agosti 1933. Bethel si jina geni Usambara. Chama cha misioni kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886, ambacho baadaye kilihamia Bethel karibu na mji wa Bielefeld, ndicho kilichowatuma Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, waliofika Mlalo mwaka 1891. Kutokana na kazi hiyo zilizaliwa sharika za Vuga na Bumbuli na nyingine nyingi. Hata Chuo cha Makumira kina mizizi katika milima hii, kwani masomo yake yalianzia Lwandai, Mlalo, mwaka 1947 kabla ya kuhamia Makumira mwaka 1954. Hati iliyotungwa katika nyumba ya mama yetu yafaa isomwe na watoto wake, na isomwe kwa macho yaliyo wazi.

2. Hati na mazingira yake

Hitler alitwaa madaraka Januari 1933. Tarehe 7 Aprili ilitoka sheria iliyowaondoa Wayahudi katika utumishi wa serikali. Mwezi Julai kundi lililojiita Wakristo wa Kijerumani lilishinda uchaguzi wa kanisa, nalo likataka sheria hiyo itumike kanisani pia, ili mchungaji mwenye asili ya Kiyahudi asihudumu madhabahuni. Mwezi Septemba sinodi ya kanisa kubwa la Prussia ilikubali.

Katika miezi hiyo Dietrich Bonhoeffer na Hermann Sasse, wakisaidiwa na wengine, walikutana Bethel ili kuandika ungamo litakaloonyesha wazi imani ya Kilutheri inasimama wapi. Sehemu iliyohusu Wayahudi iliandaliwa kwanza na Wilhelm Vischer, mwalimu wa Agano la Kale katika shule ya theolojia ya Bethel. Mwaka huo huo Vischer alilazimika kuiacha kazi yake kwa sababu ya shinikizo la wafuasi wa Hitler.

Rasimu ya Agosti ilitumwa kwa wanatheolojia wapatao ishirini ili waipime. Kila mmoja alilainisha neno hapa na kuondoa sentensi pale. Iliporudi, makali yake yalikuwa yamekwisha, hasa katika sehemu ya Wayahudi. Bonhoeffer alikataa kuitia sahihi.

3. Nguvu ya rasimu ya kwanza

Rasimu ya Agosti ina mambo matatu ambayo mwaka ule yalikuwa adimu mno.

Kwanza, ilikiri kwamba uaminifu wa Mungu kwa Israeli haukufutwa na kusulubiwa kwa Kristo. Hapa Vischer alifuata Warumi 9 hadi 11, ambapo Mtume Paulo anakataa katakata wazo la kwamba Mungu amewatupa watu wake. Wakulima wa Lushoto wanaopandikiza miti ya matunda wanalielewa fundisho la mzeituni kuliko wengi wetu: tawi la kupandikizwa hunywa maji ya mzizi usio wake, wala halina sababu ya kuyadharau matawi ya asili.

Pili, ilikana kwamba taifa lolote limepewa kazi ya kuwalipiza Wayahudi kisasi kwa ajili ya kifo cha Bwana. Fikira ya kisasi hicho ilikuwa imemwaga damu kwa karne nyingi, na kuikana waziwazi katika Ujerumani ya 1933 kulihitaji ujasiri.

Tatu, ilikataa kanisa la damu moja. Ilifundisha kwamba Wakristo wa mataifa wawe tayari kuteswa kuliko kuuvunja ushirika wao na ndugu zao wa asili ya Kiyahudi. Fundisho hilo linatugusa nasi, ambao uchaguzi wa viongozi wa kanisa hutufanya mara nyingine tuhesabu makabila kabla ya kuhesabu karama.

4. Upungufu wake

Pamoja na nguvu hiyo, hati ina upungufu ambao hatuna budi kuutaja, hata katika rasimu yake iliyo bora.

Upungufu wa kwanza ni kwamba ilimtetea hasa Myahudi aliyebatizwa. Yule asiyebatizwa, yaani jirani ambaye duka lake lilisusiwa tarehe 1 Aprili 1933, anaonekana kwa mbali tu, kama mtu wa kuhubiriwa. Bonhoeffer mwenyewe, katika makala aliyoitoa mwezi Juni mwaka ule, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba kanisa lina wajibu kwa wote wanaoumizwa na dola, hata wasio Wakristo. Ungamo halikufika hapo. Azimio la Barmen la Mei 1934, ambalo tunalisifu kwa haki, halikuwataja Wayahudi kabisa. Mwezi Septemba 1940 wagonjwa Wayahudi waliokuwa wakitunzwa katika taasisi za Bethel waliondolewa kwa amri ya serikali, wakapelekwa Wunstorf, na kutoka huko wakapelekwa Brandenburg, ambako waliuawa kwa gesi. Hao hawakuwa wachungaji waliobatizwa. Walikuwa wagonjwa waliohifadhiwa chini ya paa lile lile ambapo ungamo liliandikwa.

Upungufu wa pili, ambao ndio kiini cha tathmini hii, ni kwamba sehemu ile inazungumza juu ya Israeli kama ishara ya theolojia pasipo kuungama dhambi ambayo kanisa lilikwisha kuitenda. Mwaka 1096 watu waliojiita askari wa msalaba waliwachinja Wayahudi wa Worms na Mainz. Worms ni mji ule ule ambamo Luther alisimama mbele ya Kaisari mwaka 1521. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterani uliamuru Wayahudi watambulikane kwa mavazi yao. Mwaka 1290 walifukuzwa Uingereza, na mwaka 1492 Hispania. Wengi wa hao wa mwisho walipokewa katika nchi za Sultani wa Kituruki, jambo ambalo sisi tunaoishi na majirani Waislamu yafaa tulikumbuke.

Kadhalika yumo Luther mwenyewe. Mwaka 1523 aliandika kijitabu akisisitiza kwamba Yesu alizaliwa Myahudi, na akawaonya Wakristo wasiwatendee Wayahudi kama wanyama. Mwaka 1543, miaka mitatu kabla ya kufa kwake, aliandika kitabu kingine akiwashauri watawala wayachome moto masinagogi, wabomoe nyumba za Wayahudi, wawanyang'anye vitabu vyao vya sala na kuwakataza walimu wao kufundisha. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, masinagogi yalipowaka Ujerumani kote, palikuwa na askofu Mlutheri, Martin Sasse wa Thuringia, aliyefurahi kwamba yaliwaka siku ya kuzaliwa kwa Luther, akayachapisha maneno ya Luther kama ushahidi. Ungamo lililonyamaza juu ya 1543 halikuwa na silaha ya kumjibu mtu kama huyo.

Haitoshi, hata hivyo, kuijaza miaka hiyo kwa damu peke yake, kana kwamba Wayahudi hawakuwa na kazi nyingine isipokuwa kuteswa na sisi. Baada ya 70 Yohanan ben Zakkai na wanafunzi wake walijenga upya maisha ya imani huko Yavne pasipo Hekalu wala sadaka. Yapata mwaka 200 Mishna ilikusanywa. Baadaye ikafuata Talmudi ya Babeli. Musa ben Maimoni, aliyefariki Misri mwaka 1204, alikuwa tabibu na mwanafalsafa aliyeandika kwa Kiarabu, na Thomas wa Akwino alimsoma. Mwanafunzi wa theolojia anayedhani kwamba Uyahudi ulikufa mwaka 70 hawezi kuwaelewa Mafarisayo wa Injili, maana anawaona kama watu wasioacha warithi.

5. Urithi na deni

Pana hoja inayosikika mara kwa mara nayo yastahili jibu. Husemwa: dhambi hizo ni za Wazungu, babu zetu hawakumfukuza Myahudi yeyote, sisi wenyewe tulitawaliwa na kudharauliwa na Wajerumani hao hao.

Hoja hiyo ina ukweli wake, lakini haitoshi. Tumepokea kwa furaha Katekisimo Ndogo, nyimbo, liturgia, shule na hospitali. Tunajiita kwa jina la Luther. Katika desturi zetu mrithi hachukui ng'ombe tu na kuwafukuza wanaodai. Huketi na wazee akasikiliza pia madeni ya marehemu. Anayekana deni hujitilia shaka juu ya urithi wenyewe.

Wala hatuko mbali na deni hilo kama tunavyodhani. Kila Ijumaa Kuu husikika mahubiri yanayosema kwamba Wayahudi walimwua Yesu, kana kwamba Mariamu, Petro na Bwana mwenyewe walikuwa wa taifa jingine. Mitaani neno Myahudi husikika likitumiwa kumtukana mtu mkatili. Aliyejifunza kumtukana jirani asiyemwona atajua namna ya kumtukana yule anayemwona. Mwaka 1907 Johanssen aliondoka Usambara kwenda kuanzisha kazi ya Bethel nchini Rwanda. Mwaka 1994, katika nchi hiyo iliyojaa makanisa, watu waliokimbilia ndani ya makanisa waliuawa humo, na Wakristo wenzao walikuwa miongoni mwa wauaji. Sisemi kwamba chanzo ni kimoja. Nasema kwamba ubatizo usiofundisha kumheshimu mtu wa damu nyingine uliwahi kushindwa Ulaya, na umeshindwa karibu nasi.

Katika kulikiri deni hilo Waafrika hawakuwa watazamaji. Josiah Kibira, Askofu wa Bukoba, alichaguliwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani katika Mkutano Mkuu wa Dar es Salaam mwaka 1977. Ni wakati wa urais wake, mwaka 1983, ambapo wajumbe wa Kilutheri walikutana na wajumbe Wayahudi huko Stockholm, wakakiri kwamba maneno ya Luther dhidi ya Wayahudi ni dhambi isiyoweza kutetewa. Tamko hilo lilipokelewa katika Mkutano Mkuu wa Budapest mwaka 1984. Kanisa la Bukoba, kama la Usambara, lilipata kulelewa na Bethel. Inasikitisha kwamba waliolisoma Tamko la Stockholm miongoni mwa wachungaji wetu ni wachache mno.

6. Wayahudi wa nchi zetu

Pengo letu la miaka 1,880 linaficha pia kwamba historia ya Wayahudi ilipita mlangoni mwetu. Mwezi Aprili 1903 Wayahudi wapatao 49 waliuawa katika ghasia za Kishinev, na mwaka huo huo serikali ya Uingereza, kupitia Waziri Joseph Chamberlain, ilimpa Theodor Herzl wazo la makazi ya Wayahudi katika Afrika Mashariki. Mpango uliitwa wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo iko Kenya. Mkutano wa Basel ulijadili kwa uchungu, na mwaka 1905 mpango ukakataliwa. Waliokuwa wakiishi na kulisha mifugo katika nchi hiyo hawakuulizwa. Funzo ni zito kwa pande zote: mateso ya wakimbizi ni ya kweli, na haki ya mwenyeji nayo ni ya kweli. Kwa sababu hiyo kulipenda taifa la Kiyahudi hakumlazimu Mkristo kubariki kila tendo la serikali ya Israeli, wala kumhurumia Mpalestina hakumpi ruhusa ya kumchukia Myahudi.

Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Uganda aliyekuwa Mprotestanti, aliisoma Biblia na kuamua kuishika torati yote. Yeye na wafuasi wake walitahiriwa karibu na Mbale, na ndio mwanzo wa jumuiya ya Abayudaya. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Lakini wapo hata leo. Basi Myahudi si mtu wa picha za shule ya Jumapili peke yake. Anaweza kuwa mkulima wa kahawa wa Mbale.

7. Hitimisho

Ungamo la Bethel ni hati ya heshima iliyosema mengi kuliko wengi walivyothubutu, kisha ikadhoofishwa na watu wema waliotaka kila mmoja aridhike. Wajumbe wa kamati za sinodi zetu watautambua mwenendo huo. Hata hivyo rasimu bora nayo ilishindwa mahali ambapo kanisa lilipaswa kusema juu yake lenyewe.

Napendekeza mambo matatu kwa vyuo vyetu. Somo la Historia ya Kanisa lisiruke kutoka 70 hadi 1948. Maandishi ya Luther ya 1523 na 1543 yafundishwe pamoja na Tamko la Stockholm, ili mwanafunzi ayasikie kwanza kwa mwalimu wake kuliko kwa adui wa kanisa. Na kila mchungaji, kabla ya kuhubiri mateso ya Bwana, aisome hotuba yake akijiuliza kama angeweza kuitamka mbele ya Myahudi wa Mbale aliyeketi benchi la mbele. Asipoweza, na aiandike upya.