Shinikizo la Ubongo Bila Kutoboa Fuvu: Kipimo Kinachojibu Nusu ya Swali

Ubongo ulioumia huvimba, nalo fuvu halitanuki. Shinikizo la ndani likipita milimita 22 za zebaki, miongozo ya Marekani ya 2016 inashauri tiba ianze. Njia inayoaminika zaidi ya kulipima ni kutoboa fuvu na kupitisha mrija hadi kwenye chemba za ubongo, kazi ya daktari bingwa inayoweza kusababisha damu kuvuja au maambukizi. Ndiyo maana ultrasaundi ya jicho inavutia. Neva ya jicho imefunikwa kwa ala iliyoungana na tando za ubongo, kwa hiyo shinikizo likisukuma ugiligili wa ubongo huko, ala hutanuka. Mpimaji hupitisha kifaa juu ya kope iliyofumbwa, bila kukandamiza, kisha husoma upana wa ala milimita 3 nyuma ya tufe la jicho.

Tatizo ni kutaka upana huo utupe namba ya shinikizo. Tafiti nyingi huweka mpaka wa hatari kati ya milimita 5 na 6, hivyo mkono ukiteleza nusu milimita tu, uamuzi unageuka. Tena, ala iliyokwisha kutanuka huweza kubaki hivyo hata shinikizo likishuka. Kwa hiyo ala pana inatia shaka tu. Ala nyembamba ina uzito zaidi, hasa CT skani isipoonesha uvimbe na mboni zote mbili zikiitikia mwanga. Kipimo hiki kinafaa zaidi kumwondoa mgonjwa kwenye orodha ya hatari kuliko kuthibitisha kuwa yumo.

Wapo watakaosema makadirio hayatoshi pale uhai unapotegemea namba. Utafiti wa BEST-TRIP, uliochapishwa 2012, unapunguza nguvu ya hoja hiyo. Wagonjwa 324 wa Bolivia na Ecuador waligawanywa: wengine walitibiwa kwa kufuata kipimo cha ndani ya fuvu, wengine kwa CT skani na uchunguzi wa kitabibu. Baada ya miezi 6, matokeo hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Utafiti huo haukujaribu ultrasaundi, wala hausemi shinikizo halina maana. Makundi yote mawili yalitibiwa kwa utaratibu mkali katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Basi hospitali isiyo na mrija inunue mashine ya ultrasaundi, lakini kwa kuwa utaratibu ndio msingi, kwanza iandike nani atapima, kila baada ya saa ngapi, na ala ikipanuka nani ataitwa.